Mali kwa Mali Kati ya Ndugu: Hesabu za Biashara ya Nchi za Kijamaa

Februari 1960 Anastas Mikoyan, naibu waziri mkuu wa Umoja wa Kisovieti, alikwenda Havana kufungua maonyesho ya nchi yake. Kabla ya kuondoka alitia saini mkataba uliogeuza mwelekeo wa uchumi wa kisiwa kizima. Moscow ingenunua tani 425,000 za sukari mwaka ule, kisha tani milioni moja kila mwaka kwa miaka minne. Sehemu moja ya tano tu ya malipo ingekuwa dola. Iliyobaki ingelipwa kwa mafuta, mashine na bidhaa nyingine. Juu yake uliongezwa mkopo wa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 2.5.

Mafuta yalipowasili, kampuni za Texaco, Esso na Shell zilikataa kuyasafisha katika viwanda vyao vya Kuba. Serikali ya Fidel Castro ikavitwaa viwanda hivyo. Julai mwaka huohuo Rais Eisenhower alipunguza mgao wa sukari ya Kuba katika soko la Marekani kwa tani 700,000, na Moscow ikajitolea kuinunua sukari hiyo. Ndani ya miezi mitano Kuba ilikuwa imehama kutoka utegemezi mmoja na kuingia uhusiano ulioitwa wa kindugu.

Kwa miaka arobaini na zaidi, nchi za kijamaa zilibadilishana mafuta, mabasi, sukari, kahawa na hata nguvu kazi kwa utaratibu uliotaka kuwa tofauti na biashara ya mabepari. Wapo walioona huruma ya kweli ndani yake, na wapo walioona ukoloni wenye bendera nyekundu. Hesabu zenyewe zinaonyesha jambo lenye uzito zaidi. Bei iliyopangwa na siasa ilimlinda mnyonge kwa muda wote ambao siasa hiyo ilidumu, ila haikumjengea uwezo wa kusimama siku itakapobadilika. Na mara nyingi gharama iliwaangukia watu ambao hawakuwamo chumbani bei ilipopangwa.

Makaa ya Poland

Baraza la Usaidizi wa Kiuchumi, lililojulikana duniani kama Comecon, liliundwa Moscow Januari 1949. Waanzilishi walikuwa Umoja wa Kisovieti, Bulgaria, Chekoslovakia, Hungaria, Poland na Romania. Albania ilijiunga mwaka huohuo, Ujerumani Mashariki mwaka 1950, Mongolia 1962, Kuba 1972 na Vietnam 1978. Marekani ilikuwa ikiijenga upya Ulaya Magharibi kwa Mpango wa Marshall, na Stalin hakutaka washirika wake waifuate njia hiyo.

Miaka ya mwanzo mali ilielekea upande mmoja. Ujerumani Mashariki ilikuwa inalipa fidia ya vita, na mitambo iling'olewa na kupakiwa kwenye mabehewa kuelekea mashariki. Nchini Romania kampuni za ubia zilizoitwa Sovrom zilishika mafuta, misitu, usafiri na madini ya urani. Poland iliuza makaa ya mawe kwa Umoja wa Kisovieti kwa bei maalumu iliyokuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Baada ya misukosuko ya mwaka 1956, Władysław Gomułka, kiongozi mpya wa Poland, alikwenda Moscow na kulidai hilo waziwazi. Novemba mwaka huo Moscow ilikubali kufuta madeni ya Poland, ikichukuliwa kuwa fidia ya makaa yaliyouzwa kwa hasara. Kampuni za Sovrom nazo zilivunjwa katika kipindi hichohicho.

Tangu hapo mkubwa alijua kwamba kunyonya kuna gharama zake za kisiasa. Wadogo nao walijifunza kwamba udhaifu wao ni silaha ya kujadiliana, maana Moscow iliogopa machafuko kwa washirika wake kuliko ilivyoogopa hasara ya biashara.

Rubli isiyoshikika

Tatizo la msingi lilikuwa fedha. Rubli, zloti na forinti hazikubadilishwa kwa uhuru, na bei za ndani ziliwekwa na wapangaji wa serikali, hivyo hazikueleza gharama halisi ya kitu. Kwa miaka mingi biashara iliendeshwa kwa mikataba ya nchi mbili mbili: hii italeta matrekta kadhaa, ile italeta nyama kadhaa, na mwisho wa mwaka pande mbili zilingane.

Oktoba 1963 wanachama walikubaliana kuunda rubli ya uhamisho, na Januari 1964 Benki ya Kimataifa ya Ushirikiano wa Kiuchumi ilianza kazi mjini Moscow. Rubli hii haikuwa na noti wala sarafu; iliishi kwenye vitabu vya benki tu. Nia ilikuwa kwamba Hungaria ikiiuzia Poland zaidi ya inavyonunua, itumie ziada hiyo kununua bidhaa Chekoslovakia.

Haikuwa hivyo. Viwanda vya Chekoslovakia vilikuwa vimekwisha kugawa uzalishaji wao katika mpango wa miaka mitano, na hakuna bidhaa iliyobaki ghalani ikimngoja mnunuzi mwenye rubli. Ziada ilifanana na kadi ya mgao wa duka ambalo bidhaa zake zote zina wenyewe. Kwa sababu hiyo hakuna nchi iliyotaka ziada. Kila moja ilijitahidi kumaliza mwaka ikiwa sawasawa na kila jirani, na biashara ikarudi kuwa mali kwa mali.

Katika hali hiyo bidhaa zilijipanga zenyewe kwa madaraja. Maofisa wa biashara walizungumza juu ya bidhaa ngumu na bidhaa laini. Ngumu ni zile ambazo zingeweza kuuzwa Magharibi kwa dola: mafuta, nafaka, nyama, metali. Laini ni zile zilizopata wateja ndani ya kambi tu, hasa mashine na vifaa vya viwandani ambavyo teknolojia yake ilikuwa imepitwa. Aliyetoa bidhaa ngumu alidai alipwe kwa ngumu, na kuanzia miaka ya 1970 sehemu ya mauzo hayo, hasa yaliyozidi mpango, ililipwa kwa dola hata kati ya ndugu.

Utaratibu huo ulikuwa na mafanikio yake, na si haki kuyapuuza. Kiwanda cha Ikarus cha Hungaria kilipewa nafasi ya kutengeneza mabasi kwa ajili ya kambi nzima, kikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mabasi duniani. Wakazi wa Dar es Salaam wa enzi za shirika la mabasi la UDA walipanda mabasi hayo marefu, wakayaita kumbakumba. Tramu za Tatra kutoka Prague zilijaa katika miji ya Kisovieti, na Bulgaria, nchi ya wakulima, ikawa mtengenezaji mkubwa wa magari ya kunyanyulia mizigo. Soko la uhakika liliwawezesha kuzalisha kwa wingi. Kasoro ni kwamba mnunuzi asiye na pa kwenda hakumlazimisha mtengenezaji kuboresha.

Si wote waliokubali kupangiwa nafasi. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alipotaka mwaka 1962 pawe na chombo kimoja cha kupanga uzalishaji wa kambi yote, viongozi wa Romania waliona kwamba wangebaki kuwa shamba la wengine. Aprili 1964 chama tawala cha Romania chini ya Gheorghe Gheorghiu-Dej kilitoa tamko la kukataa, kikaendelea na ujenzi wa kiwanda kikubwa cha chuma mjini Galați. Mpango wa Khrushchev haukusimama tena.

Bomba la Urafiki

Bei ilihitaji kipimo, na cha ajabu ni kwamba kipimo kilitafutwa kwa mabepari. Mwaka 1958 Comecon iliamua kwamba bei zitatokana na wastani wa bei za soko la dunia, zikiondolewa kuyumbayumba kwa muda mfupi, kisha zishikiliwe kwa miaka mingi bila kuguswa.

Wakati huo lilikuwa linapangwa bomba la Druzhba, yaani Urafiki, lililoanzia Almetyevsk katika Tatarstan. Lilifika Mozyr nchini Belarus na kugawanyika: tawi moja kwenda Poland na Ujerumani Mashariki, jingine Chekoslovakia na Hungaria. Lilikamilika mwaka 1964 likiwa na urefu wa takriban kilomita 4,000, na uchumi wa Ulaya Mashariki ukajengwa juu yake.

Ndipo ukaja mshtuko wa mafuta. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 pipa lilipanda kutoka dola tatu hivi hadi karibu 12. Nchi maskini zilizoagiza mafuta, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziliumia papo hapo. Ulaya Mashariki haikuumia, kwa sababu bei ya ndani ya kambi ilikuwa imefungwa hadi mwisho wa mwaka 1975. Moscow ilivumilia mwaka mmoja, kisha ikaomba kanuni ibadilishwe mapema. Tangu 1975 bei zilipangwa kila mwaka, na punde msingi ukawa wastani wa miaka mitano iliyotangulia.

Kanuni hiyo ilikuwa zawadi iliyojificha. Bei ya dunia ilipopanda, washirika walinunua kwa wastani wa miaka ya nyuma, chini ya soko, na wakalipa kwa bidhaa laini. Wanauchumi Michael Marrese na Jan Vaňous, waliochapisha hesabu zao mwaka 1983, walisema ruzuku hiyo ilifikia makumi ya mabilioni ya dola, na wakaiona kuwa malipo ya utii wa kisiasa. Wengine waliwapinga wakisema Moscow ilifungwa tu na kanuni ilizozitunga yenyewe. Wote walikubaliana kwamba katika miaka hiyo mzigo ulimlemea mkubwa.

Mwaka 1981 mzigo ulimshinda. Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, alimwandikia Erich Honecker wa Ujerumani Mashariki kwamba nchi yake ingepata tani milioni 17 za mafuta kwa mwaka badala ya 19. Honecker alijibu kwa uchungu kwamba hatua hiyo ilitikisa msingi wa nchi yake, na hakutia chumvi. Kiwanda cha Schwedt kilikuwa kikisafisha mafuta ya Kisovieti na sehemu ya mazao yake kuuzwa Magharibi kwa fedha za kigeni. Tani milioni mbili zilipokatwa, ulikatwa pia mlango wa kulipia madeni ya benki za Magharibi.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1986 bei ya mafuta iliporomoka duniani, na ule wastani wa miaka mitano ukawafanya washirika walipe zaidi ya soko. Kanuni ileile iliyowafaa ikawabana.

Sukari juu ya mafuta

Hakuna pahali ambapo bei ya kisiasa ilifanya kazi kubwa kuliko Kuba. Januari 1964 Moscow iliahidi kununua tani milioni 24.1 za sukari kati ya 1965 na 1970 kwa senti 6.11 kwa ratili. Miaka miwili baadaye bei ya soko huria la dunia ilikuwa chini ya senti mbili. Kwa mkulima wa miwa wa Kuba tofauti hiyo ilikuwa shule, zahanati na mshahara wa mwaka mzima.

Ahadi ya kununua, hata hivyo, ilikuwa pia amri ya kulima. Ili itimize mikataba na kupunguza deni lake, Kuba iliingiza nchi nzima katika lengo la kuvuna tani milioni 10 mwaka 1970. Wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi walipelekwa mashambani, na shughuli nyingine zikadorora. Mavuno yalifikia tani milioni 8.5, kiwango kikubwa kuliko vyote katika historia ya kisiwa, lakini uchumi ukabaki umechoka. Mwaka 1972 Kuba iliingia Comecon, na Desemba mwaka huo Moscow ikaahirisha madeni yake hadi 1986, bila riba.

Katikati ya miaka ya 1980, mafuta ya Kisovieti ambayo Kuba haikuyatumia na kuyauza tena nje yaliipatia dola nyingi kuliko sukari yake yenyewe. Nchi isiyo na visima vya maana iliishi kwa kuuza mafuta. Wapangaji wa Havana waliijua hatari hiyo, ila kila mwaka uliopita ulifanya kuiacha njia hiyo kuwe kugumu zaidi.

Udugu ulipovunjika

Biashara inayosimama juu ya siasa huanguka siasa inapoanguka, na wa kwanza kulionja hilo ni Yugoslavia. Kiongozi wake, Tito, alipogombana na Stalin mwaka 1948, biashara na kambi nzima ilikatwa mwaka uliofuata, akalazimika kugeukia Magharibi. Albania ilipatwa na hayo mwaka 1961.

Kwa China jeraha lilikuwa kubwa zaidi. Februari 1950 Mao Zedong alipata Moscow mkopo wa dola milioni 300 kwa riba ya asilimia moja, ukafuatwa na miradi 156 ya viwanda, migodi na umeme. Kiwanda cha malori cha Changchun kilitoa gari lake la kwanza mwaka 1956. Lakini Julai 1960, katikati ya njaa iliyoua mamilioni, Khrushchev, akiwa amekosana na Mao, aliwaondoa wataalamu wake zaidi ya elfu moja, nao wakaondoka na michoro. China ilishikilia kulipa madeni yake hadi ikayamaliza katikati ya muongo huo. Waliolipia heshima hiyo ni wakulima, ambao nafaka yao ilikuwa imeendelea kupelekwa nje hata mwaka 1959, njaa ikiwa imekwisha kuingia vijijini.

Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alibeba funzo hilo alipozuru Afrika. Januari 1964, mjini Accra, alitangaza kanuni nane za misaada ya China: mikopo isiyo na riba au yenye riba ndogo, muda wa kulipa kuongezwa inapobidi, na wataalamu kuishi kama wenzao wa nchi wenyeji.

Tanzania ilizijaribu kanuni hizo kwa vitendo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa mkopo wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Benki ya Dunia na Uingereza zilikuwa zimekataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, na Septemba 1967 Beijing ikakubali. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 TAZARA ilikabidhiwa ikiwa na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Kilichozungumzwa kidogo ni namna gharama za ndani zilivyolipwa. Mishahara, chakula na saruji vilihitaji shilingi na kwacha, ambazo China haikuwa nazo. Ikaleta bidhaa zake kwa mkopo. Mashirika ya umma yakaziuza madukani, na fedha zilizopatikana zikaingia katika mfuko wa reli. Baiskeli na vyombo vya Kichina vilivyojaa madukani miaka ile vilikuwa sehemu ya bajeti ya ujenzi. Mbinu hiyo ilikwepa tatizo la fedha zisizobadilishika. Lakini mwenye duka alilazimika kupokea kile China ilichokuwa nacho, na viwanda vya ndani vilivyotengeneza bidhaa kama hizo vikashindana na mkopo wa serikali yao wenyewe.

Jasho la Msumbiji

Mwezi Februari 1965 Ernesto Che Guevara wa Kuba alipita Dar es Salaam, na siku chache baadaye, mjini Algiers, akatoa hotuba iliyoichoma Moscow. Alisema nchi za kijamaa zinapofanya biashara na nchi maskini kwa bei za soko la dunia, zinashiriki kwa kiasi fulani katika unyonyaji wa mabeberu. Kuwasaidia wanaojikomboa, kwa maoni yake, ni wajibu usiopimwa kwa faida.

Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi wito huo ulivyokuwa mgumu kwa kambi yenye njaa ya dola. Mwaka 1977 kahawa ilipanda bei sana duniani baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil, na Ujerumani Mashariki ikakosa fedha za kuinunua. Serikali ikachanganya kahawa na viambato vingine, na wananchi wakachukia waziwazi. Berlin ikatafuta njia nyingine: Ethiopia ilitoa kahawa ikapata silaha. Na mwaka 1980 ulitiwa saini mkataba wa kupanua kilimo cha kahawa Vietnam, katika nyanda za juu za Đắk Lắk. Mibuni huchukua miaka kukomaa, na mavuno makubwa yalipoanza, Ujerumani Mashariki ilikuwa imekwisha kutoweka. Vietnam leo ni ya pili duniani kwa kuuza kahawa nje, nyuma ya Brazil. Uwekezaji katika mashamba ulidumu kuliko bei yoyote ya kindugu.

Msumbiji haikupata bahati hiyo. Iliomba kuingia Comecon mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikakataliwa, kwa kuwa wanachama hawakutaka mzigo mwingine kama wa Kuba. Badala yake ilibaki na mkataba wa mwaka 1979 na Ujerumani Mashariki, uliopeleka vijana zaidi ya 15,000 katika viwanda na migodi ya huko. Sehemu ya mishahara yao, wakati mwingine hadi asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba wangeikuta nyumbani. Fedha hizo zilihesabiwa dhidi ya deni la Msumbiji. Vijana waliporudi karibu na mwaka 1990 hawakuzikuta. Waliitwa Madgermanes, na kwa miaka mingi wameandamana mitaani Maputo wakidai haki yao.

Siku ya dola

Januari 1990, katika kikao cha Sofia, Umoja wa Kisovieti ulipendekeza biashara ya kambi ihamie bei za dunia na fedha zinazobadilishika. Utaratibu mpya ulianza Januari 1991. Wanunuzi wa Kisovieti wa Ikarus hawakuwa na dola, na washirika wa zamani walitumia dola chache walizokuwa nazo kununua mafuta. Comecon ilivunjwa rasmi Budapest tarehe 28 Juni 1991.

Kuba ilipoteza takriban robo tatu ya uagizaji wake kati ya 1989 na 1993, na pato lake likashuka kwa theluthi moja hivi. Baiskeli za China zaidi ya milioni moja zilichukua nafasi ya mabasi, maksai wakachukua nafasi ya matrekta, na mwaka 2002 serikali ikafunga karibu nusu ya viwanda vyake vya sukari.

Yakabaki madeni, yaliyoandikwa kwa fedha ambayo haikuwahi kuwa na soko. Urusi iliisamehe Vietnam asilimia 85 mwaka 2000. Ilidai Mongolia rubli za uhamisho bilioni 11.4, na mwishoni mwa mwaka 2003 ikakubali dola milioni 250. Mwaka 2014 ilifuta asilimia 90 ya dola bilioni 32 ilizoidai Kuba. Ukarimu ulikuwamo katika misamaha hiyo, lakini pia ilikuwa vigumu kudai kwa dola kile kilichokopeshwa kwa rubli ya vitabuni.

Mambo hayo hayajafungwa. Septemba 2024, mjini Beijing, marais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, Hakainde Hichilema wa Zambia na Xi Jinping wa China walishuhudia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kufufua TAZARA. Safari hii mwekezaji ni CCECC, kampuni iliyotokana na idara ya wizara ya reli ya China iliyosimamia misaada ya nje, na anakuja kwa msingi wa kibiashara. Wabunge wa Dodoma na Lusaka wanaweza kuisoma mikataba yake kwa maswali ambayo Budapest, Havana na Maputo walichelewa kuuliza: malipo yatapimwa kwa fedha ipi, nani atabeba hasara bei ya shaba au nauli za mizigo zikishuka, na ni sehemu gani ya mapato itakayobaki kwa wafanyakazi wa reli na wakazi wa Ifakara, Makambako na Mpika.